NISHANI ISIYO NA JINA
Jinsi nishani na mavazi ya askari wa zamani wa Serbia yanavyotambuliwa

Huenda umepata kuiona nishani ya fedha ambayo Waingereza waliwapa askari wa Keya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba nyingine wangali nayo, imefungwa katika kitambaa chini ya sanduku. Ukiigeuza na kutazama ukingoni, pale palipo pembamba kama ukingo wa shilingi, utakuta namba ya askari, jina lake na jeshi lake. Mwenyewe amekufa zamani, lakini nishani yake bado yamtaja.

Sasa chukua nishani ya askari wa Serbia aliyepigana katika vita hiyo hiyo. Igeuze mara kumi. Utaona tai mwenye vichwa viwili, utaona taji, utaona mwaka na maneno machache ya herufi ngeni. Jina la mwenye nishani hulioni, maana halikuandikwa. Jina lilikuwa katika karatasi tu, na karatasi huliwa na mchwa, huungua, huloa mvua. Kwa sababu hiyo wako watu Ulaya, na Marekani pia, ambao kazi yao ya baada ya kazi ni kukusanya nishani na mavazi ya askari hao, na kujaribu kuyarudishia habari zake.

Labda utasema: Sisi na Serbia, wapi na wapi? Serbia ni nchi ndogo isiyo na pwani, kusini mashariki ya Ulaya, na mji wake mkuu ni Belgrade. Watu wake tangu kale ni wakulima na wafugaji. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria aliuawa katika mji wa Sarajevo na kijana Mserbia wa Bosnia. Mwezi mmodi baadaye, tarehe 28 Julai, Austria na Hungaria iliitangazia Serbia vita. Moto ule ukaruka toka nchi hata nchi, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule risasi zililia Tanga. Wazee wetu waliobeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, wakafa kwa homa na njaa njiani, walikuwa katika vita iliyowashwa huko. Wengi wao hawakusikia hata jina la Serbia.

Tuanze na herufi, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikwaa. Waserbia huandika kwa herufi za Kikirili, na baadhi ya herufi hizo zafanana na zetu ila zadanganya. Ile iliyo kama P husomwa R. Iliyo kama C husomwa S. Iliyo kama H husomwa N, iliyo kama B husomwa V, na iliyo kama X husomwa H. Basi mtu akiona juu ya nishani neno lianzalo na XPA, asidhani ni alama ya siri. Hilo ni neno “hrabrost”, na maneno “za hrabrost” maana yake ni “kwa ushujaa”.

Lakini ngoja kwanza. Wabulgaria nao huandika kwa herufi hizo hizo, na maneno hayo hayo “kwa ushujaa” yamo katika nishani yao pia, hali Waserbia na Wabulgaria walikuwa maadui mwaka 1913, na tena tangu 1915 hata 1918. Kwa hiyo mtu anayesoma maneno tu bila kutazama picha aweza kumvika Mserbia nishani ya mtu aliyempiga risasi. Nishani ya ushujaa ya Serbia, iliyowekwa mwaka 1913, ni ya mviringo, nayo ina kichwa cha shujaa aliyevaa kofia ya chuma. Huyo ni Miloš Obilić, ambaye husimuliwa kwamba alimwua Sultani Murad katika vita vya Kosovo mwaka 1389. Ya Bulgaria ni msalaba, na katikati yake yuko simba. Ukilijua hilo, umekwisha kupita mtego wa kwanza.

Jambo la pili ni ugomvi wa nyumba mbili. Bila kuujua, nishani za Serbia hazieleweki kabisa. Waturuki walikuwa wameitawala nchi ile kwa miaka mingi. Mwaka 1804 Waserbia walisimama wakiongozwa na mtu aliyeitwa Karađorđe, yaani Đorđe Mweusi, mfanya biashara wa nguruwe. Wakashindwa. Mwaka 1815 wakasimama tena, mahali paitwapo Takovo, wakiongozwa na Miloš Obrenović, na safari hii wakapata nafuu. Miaka miwili baadaye Karađorđe alirudi nchini kwa siri, naye akauawa kwa amri ya Miloš. Toka hapo nyumba ya Karađorđević na nyumba ya Obrenović zilinyang'anyana kiti karibu miaka mia. Hata sisi twajua jinsi damu moja iliyomwagika ukoo hadi ukoo isivyokauka upesi.

Mwaka 1865, ilipotimia miaka hamsini tangu Takovo, mtawala Mihailo Obrenović aliweka nishani ya Msalaba wa Takovo. Serbia ikawa ufalme mwaka 1882, na mwaka uliofuata Mfalme Milan, wa nyumba hiyo hiyo, akaweka nishani mbili nyingine: ya Tai Mweupe, na ya Mtakatifu Sava, askofu mkuu wa kwanza wa Waserbia. Kisha ukaja mwaka 1903. Usiku mmoja maofisa wa jeshi waliingia katika jumba la mfalme mjini Belgrade, wakamwua Mfalme Aleksandar Obrenović pamoja na mkewe, Malkia Draga. Nyumba ile ikaishia hapo. Petar, mjukuu wa Karađorđe, akaitwa kutoka ugenini kushika ufalme.

Tazama sasa jinsi mambo hayo yanavyosomeka juu ya kipande cha madini kisichozidi kiganja. Msalaba wa Takovo ulifutwa mara moja. Mwaka 1904, ilipotimia miaka mia tangu vita vya Karađorđe, Mfalme Petar aliweka nishani yake mwenyewe, Nyota ya Karađorđe, yenye maneno “Kwa imani na uhuru 1804”. Tai Mweupe hakufutwa, lakini mgongo wake ulibadilishwa. Zile herufi za jina la Mfalme Milan zilitolewa, na mahali pake pakawekwa tarehe ya kutangazwa ufalme, 22 Februari 1882. Basi anayeshika Tai Mweupe humgeuza kwanza. Akikuta herufi za Milan, nishani ni ya kabla ya 1903. Akikuta tarehe, ni ya baadaye. Na mtu akikuuzia Msalaba wa Takovo akisema babu yake aliupata kwa kupigana mwaka 1915, mwambie akatafute hadithi nyingine.

Huyo Mtakatifu Sava naye ana dalili yake. Katika nishani za kwanza joho lake la kiaskofu lina rangi nyekundu, na tangu 1921 ni la kijani. Nishani hii haikuwa ya kupigana. Walipewa walimu, wataalamu, na tena waganga na wauguzi waliokwenda Serbia kutoka nchi za mbali wakati wa homa kali ya taifasi ya mwaka 1915, ambayo iliua hata waganga wenyewe. Mimi nikiulizwa, nishani hii huwa naiheshimu zaidi ya nyingi zilizo na dhahabu.

Zile za vitani hutambulikana kwa panga mbili zilizopishana. Nyota ya Karađorđe yaweza kuwa na panga au bila panga, na tofauti ni kubwa: yenye panga ilipatikana mbele ya adui. Askari wa kawaida na masajini walikuwa na yao, ya dhahabu au ya fedha, yenye panga. Tai Mweupe alipata panga mwaka 1915.

Kuna kichekesho kidogo cha uchungu katika habari ya watengenezaji. Serbia haikuwa na viwanda vya kazi hiyo, na kabla ya vita nishani zake nyingi zilitengenezwa Vienna, mji mkuu wa Austria, yaani na mafundi wa nchi ile ile iliyokuja kuivamia mwaka 1914. Vita ilipoanza, kazi ilibidi ipelekwe kwingine, na Huguenin Frères wa Le Locle huko Uswisi na Arthus Bertrand wa Paris ni miongoni mwa walioipata. Kwa hiyo jina dogo la fundi lililogongwa juu ya nishani au ndani ya kibweta chake husaidia sana kujua wakati. Hata utepe husema. Kwa desturi ya Austria, ambayo Waserbia waliifuata, utepe ulikunjwa ukawa wa pembe tatu, nishani ikaning'inia katika ncha ya chini. Utepe ulioshuka wima kama wa Wafaransa hutia shaka kwamba umebadilishwa baadaye.

Lakini katika nishani zote hizo iko moja ambayo Waserbia huitaja kwa sauti nyingine. Haina dhahabu. Ni Ukumbusho wa Albania.

Mwezi wa Oktoba 1915 Serbia ilishambuliwa pande mbili: Wajerumani na Waaustria kutoka kaskazini, Wabulgaria kutoka mashariki. Njia ya kusini ikazibwa. Jeshi halikukubali kuweka silaha chini. Likaelekea magharibi, kupita milima ya Montenegro na Albania, kuitafuta bahari. Ilikuwa wakati wa baridi. Sisi twaijua theluji kwa kuitazama kileleni Kilimanjaro, wao waliilalia. Mikate ilikwisha, ng'ombe wa magari walichinjwa, viatu vilioza miguuni. Mfalme Petar, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikwenda na watu wake, na iko picha yake akiwa amekaa katika gari la kukokotwa na ng'ombe. Raia wengi walifuata jeshi, na vijana wadogo waliokuwa hawajatimia kuwa askari, na wengi wao walibaki njiani.

Walioifikia bahari, askari kama 150,000, walivushwa na meli za marafiki zao hata kisiwa cha Corfu, nchi ya Ugiriki. Hata huko kifo hakikuwaacha. Wagonjwa waliwekwa katika kisiwa kidogo cha Vido, karibu na Corfu, nao walikufa wengi kila siku hata nafasi ya kuwazika ikakosekana. Maiti zilichukuliwa kwa mashua na kutoswa baharini, maelfu. Waserbia huyaita maji yale “kaburi la buluu”.

Tarehe 5 Aprili 1920 Aleksandar, mwana wa Mfalme Petar aliyekuwa akishika utawala kwa niaba ya baba yake, aliweka nishani kwa ajili ya wote waliopita njia ile. Ni tai wa vichwa viwili mwenye taji, wa madini meupe, na kifuani pake iko sura ya Aleksandar mwenyewe, na maneno yasemayo kwamba ni kwa wenzake wa vitani. Nyuma yameandikwa: “Kwa uaminifu kwa nchi ya baba 1915”. Utepe wake ni wa kijani wenye mistari myeusi pembeni. Nishani nyingine zina madaraja, la kwanza, la pili, hata la tano. Hii haina daraja. Jemadari na mpishi wa kikosi walipata ile ile.

Haya, tuje kwenye mavazi. Nguo ni ngumu kuliko nishani, kwa sababu nondo hawajui historia. Kofia ya askari wa Serbia huitwa “šajkača”. Ni ya kitambaa kizito cha sufu, haina ukingo, na utosi wake umebonyea katikati kama mashua iliyopinduliwa. Wakulima waliipenda hata wakaivaa mashambani, na wazee wa vijijini wangali wakiivaa. Hii ndiyo sababu kofia peke yake haithibitishi kitu. Yaweza kuwa ya askari wa 1914, yaweza kuwa ya mchunga kondoo wa 1960.

Mwaka 1908 jeshi liliagizwa kuvaa nguo za rangi ya kijivu na kijani ili lisionekane kwa mbali, mahali pa zile za rangi ya giza za zamani. Lakini amri ni kitu kimoja na ghala ni kitu kingine. Serbia ilikuwa imetoka katika vita vya 1912 na 1913 ikiwa maskini, na mwaka 1914 sare hazikutosha. Askari wa umri mkubwa, wa mwito wa tatu, walikwenda vitani na nguo zao za kijijini, wamepewa bunduki tu, pengine na kofia. Miguuni wengi walivaa “opanci”, viatu vya ngozi vya wakulima vyenye ncha iliyopindwa juu na kamba za kufungia mguuni. Mkusanyaji asiyejua hayo akiona picha ya mtu wa namna hiyo husema: “Huyu si askari.” Naye ndiye askari hasa.

Baada ya Corfu, mwaka 1916, mambo yaligeuka. Jeshi lilivishwa upya kwa msaada, hasa wa Wafaransa. Hapo utaona Mserbia amevaa koti la Kifaransa, na kichwani kofia ya chuma ya Kifaransa iliyobandikwa nembo ya Serbia mbele, au “šajkača” ya zamani iliyoshonwa kwa kitambaa kipya. Mtu akikuonyesha koti la Kifaransa akisema ni la Mserbia, huenda ni kweli. Lakini bila picha au karatasi huwezi kuapa.

Yako mavazi madogo yanayoumiza moyo. Momčilo Gavrić, aliyezaliwa mwaka 1906 katika kijiji cha Trbušnica, alikuwa na miaka minane wakati askari wa Austria na Hungaria walipowaua wazazi wake na ndugu zake, Agosti 1914. Yeye hakuwapo nyumbani saa ile. Alikimbilia kwa kikosi cha mizinga cha Serbia, nacho kikamchukua na kumlea, hata akapewa cheo cha koplo. Alivuka Albania pamoja nao. Picha zake zipo, amesimama na sare na kofia ya jeshi, kimo chake kama cha mtoto anayetumwa dukani. Alikufa mwaka 1993.

Kila kitu chenye thamani huvuta wajanja. Nishani ya kweli ya wakati ule ilipigwa kwa muhuri wa chuma, na mistari yake ni mikali hata katika manyoya ya tai. Ya uwongo mara nyingi ni madini yaliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu vidogo kama vya uji uliochemka. Rangi za zamani ni za kioo kilichochomwa motoni, ngumu, na zikipigwa hupasuka kama kikombe cha kaure. Za waigaji huwa rangi tu, laini. Tena katika miaka ya karibuni Jamhuri ya Serbia imeirudisha Nyota ya Karađorđe kuwa nishani ya taifa, kwa hiyo ziko mpya za haki, wala si za uwongo; ila si za 1914.

Ukipata nishani yo yote ya zamani, ya Serbia au ya babu yako, nakuomba usiisugue kwa majivu wala mchanga. Najua sufuria hupendeza hivyo. Nishani hupoteza uso, na weusi ule unaouchukia ni sehemu ya umri wake.

Tumesema kwamba jina halimo juu ya nishani. Liko wapi basi? Kila nishani ilitolewa kwa amri iliyoandikwa, na mwenyewe alipewa cheti. Majina yalichapwa pia katika gazeti rasmi la jeshi, “Službeni vojni list”. Anayetafuta leo hana budi kufunua kurasa hizo moja moja, huku majina yakifanana mno: Petrović hapa, Jovanović pale, kama vile sisi tulivyo na akina Juma na akina Yohana. Bila namba ya kikosi au kijiji hafiki mbali. Kwa hiyo mtu anayenunua nishani kwa mjane, akaacha cheti mezani kwa kuwa ni karatasi chafu, amemzika askari yule mara ya pili. Naye muuzaji anayetenganisha nishani nne za mtu mmoja ili azipatie wanunuzi wanne hana tofauti naye. Kwa bahati nzuri vingi vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kijeshi ya Belgrade, yaliyoanzishwa mwaka 1878, ndani ya ngome ya Kalemegdan.

Wakati mwingine jina na nishani havikutengana, na hapo ndipo waona vizuri. Milunka Savić alikuwa msichana wa kijiji cha Koprivnica. Vita ya 1912 ilipokuja na ndugu yake wa kiume akaitwa, alikata nywele zake, akavaa nguo za kiume, akaenda yeye, akijiita Milun. Mwaka 1913 alijeruhiwa, na waganga wakagundua kwamba ni mwanamke. Aliambiwa ahamie kwa wauguzi, akakataa. Alirudi kwenye bunduki. Alipata Nyota ya Karađorđe yenye panga mara mbili, nishani ya Miloš Obilić, na nishani kubwa za Ufaransa, Urusi na Uingereza. Mwaka 1916 aliwateka peke yake Wabulgaria 23.

Baada ya vita alifanya kazi ya kufagia katika benki moja mjini Belgrade, akalea watoto ambao hawakuwa wa tumbo lake. Wenye kupita na hati zao mkononi walikanyaga sakafu aliyoipiga deki mwanamke mwenye nishani kuliko jemadari wengi, wala hawakujua, kwa kuwa hakuzivaa kazini. Alikufa tarehe 5 Oktoba 1973. Mwaka 2013 mabaki yake yalihamishwa, kwa heshima za kijeshi, yakazikwa katika safu ya watu wakuu kwenye makaburi ya Belgrade, na jina lake likaandikwa juu ya jiwe.